Gari la marehemu baba halina silinda hedi: jibu kwa msomaji wa Tabora

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Ipuli hapa Tabora. Baba alifariki mwaka jana, akaniachia Mazda RX-8 ya mwaka 2004, gia sita za mkono. Naliendesha kwa uangalifu sana kwa sababu ndiyo kumbukumbu yake. Nyumbani hadi shuleni ni kilomita tatu, na mshale wa mizunguko sijawahi kuuacha uvuke 3,000. Pamoja na hayo linakula oili, linakunywa petroli, na kwenye kupanda kidogo tu linachoka. Jumamosi nililisogeza kutoka chini ya mwembe ili nilioshe, nikalizima, likagoma kuwaka mpaka leo. Fundi amefungua kifuniko cha oili akakuta ute mweupe, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua, na kwamba bora nitoe injini hii niweke ya gari la kawaida. Nifanyeje? Natamani siku moja nilifikishe Kigoma kwa ndugu zake baba."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Usitoe injini. Nakuomba hilo kabla ya jingine lolote, maana injini ikishatolewa na kuuzwa kama chuma chakavu, kuipata nyingine nzima ni kazi kubwa. Gasketi ya silinda hedi haijaungua kwa sababu injini ya gari lako haina silinda hedi. Haina pistoni, haina valvu, haina kemshafti. Simlaumu fundi wako. Magari haya ni machache huku kwetu, na kwenye gari lolote analolijua, ute mweupe kwenye kifuniko humaanisha maji yamekutana na oili. Kwenye RX-8 shingo ya kujazia oili ni ndefu na iko mbali na joto la injini. Ukiendesha kilomita tatu ukazima, mvuke unaotoka ndani unapoa palepale shingoni, unachanganyika na oili kidogo na kugeuka ute. Chomoa kijiti cha oili ukifute, ukichovye, ukitoe tena. Kama oili ya kijitini ni safi ya kahawia au nyeusi, na maji kwenye chupa ya rejeta hayapungui, ute huo ni jasho tu la safari fupi. Utaondoka wenyewe siku utakapolipeleka gari kwenye safari ya maana.

Sasa nikueleze una nini chini ya boneti, kwa sababu bila picha hii kichwani, maelekezo yote yatakayofuata yataonekana ya ajabu.

Chukua ganda la karanga lenye punje mbili, lile lililobana kidogo katikati. Lipasue kwa urefu. Umbo unaloliona ndilo umbo la chumba cha injini yako. Ndani yake weka sambusa iliyovimba pande zote tatu. Sambusa hiyo inazunguka, na ncha zake tatu muda wote zinagusa ukuta wa ganda. Kwa kuwa ganda halina umbo la duara, nafasi kati ya sambusa na ukuta inapanuka na kusinyaa. Ikipanuka inavuta hewa na petroli, ikisinyaa inakandamiza, plagi zinawasha, moto unasukuma, moshi unatoka. Kazi zote hizo zinafanyika kwa wakati mmoja, kila moja kwenye upande wake wa sambusa. Sisi tunaiita rota. Gari lako lina rota mbili, na ujazo wote kwa pamoja ni sentimita za ujazo 1,308, injini ndogo kuliko ya magari mengi ya teksi. Kila rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu. Kwa hiyo mshale ukikuonyesha 9,000, zile sambusa mle ndani zinazunguka mara 3,000 tu kwa dakika. Tafadhali likumbuke hilo, tutalihitaji.

Kwenye kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma kinachoteleza ukutani. Ndiyo sili ya ncha. Kwenye gari la kawaida pistoni ina ringi kadhaa zinazosaidiana. Hapa ncha nzima inategemea kile kipande kimoja. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeibuni injini ya namna hii, na ya kwanza iliwaka kwenye kampuni ya NSU mwaka 1957. Mazda wa Hiroshima walipoichukua, sili hizo ndizo zilizowanyima usingizi. Zilikuwa zinatetemeka na kuchana mikwaruzo ukutani, na wahandisi wao, wakiongozwa na Kenichi Yamamoto, waliiita makucha ya shetani. Walihangaika nazo mpaka wakaweza kuliuza gari lao la kwanza la rota, Cosmo Sport, mwaka 1967. Karibu kila ninachokuagiza hapa chini kinalenga kuzilinda sili hizo: zipate oili, zisiloweshwe petroli, zisichemke, zisizibwe na masizi.

Mimi kazi hii sikuianzia kwenye magari. Niliianzia hapa Kigoma, ufukweni Kibirizi, kwenye mashine za boti za wavuvi wa dagaa. Mashine nyingi tulizokuwa tunatengeneza zilikuwa za kuchanganyia oili kwenye petroli. Mvuvi akija na dumu lake la usiku, swali la kwanza ni kama ameshachanganya. Asipochanganya, mashine inanoki katikati ya ziwa, na hapo kinachobaki ni kasia. Hakuna mvuvi anayeshangaa kwamba mashine yake inakula oili, kwani anajua imeumbwa hivyo. Nilipofunguliwa boneti ya gari la rota kwa mara ya kwanza, nikaambiwa lina pampu ndogo inayodondoshea oili ndani ya chumba cha moto ili sili ziteleze, nilielewa mara moja kwa sababu ya Kibirizi. Gari la baba yako ni ndugu wa zile mashine za boti. Linakula oili kwa sababu linatakiwa kula oili. La kuogopesha ni lile ambalo oili yake haipungui kabisa, maana huenda ile pampu imekufa na sili zinajikwangua kavu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuzoea si uendeshaji, ni kijiti. Kila ukijaza mafuta mara mbili, pima oili. Simamisha gari mahali tambarare, injini iwe imepata moto, zima, subiri dakika tano, ndipo uchomoe. Lita moja kwa kila kilomita 1,500 au 2,000 isikutishe hata kidogo. Usikubali ishuke chini ya alama ya chini, na usijaze kupita ya juu, maana ya ziada inatafuta njia ya kutokea kwenye mfumo wa hewa. Kwa joto letu mimi natumia 10W-40 na kuibadilisha kila kilomita 5,000. Kuna mafundi wanaopenda nzito zaidi ya hiyo, wengine nyepesi, na ubishi huo hauishi. Nilichojifunza ni kwamba oili safi inayobadilishwa mapema inashinda oili ghali iliyoachwa izeeke. Na buti lisikose kopo la lita moja, leo na siku zote.

Mimi pia huongeza oili ya mashine za boti kwenye tangi la petroli, kiasi cha mililita tano kwa kila lita. Lita 40 za petroli, mililita 200 za oili. Hapa Kigoma naipata madukani kwa sababu ya wavuvi. Huko Tabora itafute kwa wanaouza spea za pikipiki, ukisema unataka oili ya injini za kuchanganya. Usichukue oili ya kawaida ya injini ukaimwaga kwenye tangi, itaacha masizi. Si lazima ufanye hivi, kwani pampu ya gari ipo. Lakini pampu ile ina zaidi ya miaka ishirini, na oili hii ya ziada inafika kwenye sili kwa njia nyingine hata kama pampu imeanza kuchoka.

Tuje Jumamosi. Ulichokifanya ndicho kinachoyazimisha magari haya kote duniani: uliwasha injini ya baridi, ukasogea hatua chache, ukazima. Injini ikiwa baridi kompyuta inaimwagia petroli nyingi. Ukizima kabla haijapata moto, petroli hiyo inabaki ndani, inalowesha plagi na kuosha utando wa oili uliokuwa unasaidia sili kuziba. Ukijaribu kuwasha tena, mgandamizo ni hafifu na plagi zimelowa, na kila unapopiga stata unaongeza petroli nyingine. Betri inakufa, mtu anakata tamaa, fundi anaitwa.

Kulitoa hapo kunataka betri yenye nguvu kamili. Kama umeshaimaliza, ichajiwe usiku kucha au upate ya kusaidia. Kisha kanyaga klachi, kanyaga mafuta mpaka chini kabisa na uyashikilie hapohapo, halafu piga stata sekunde kumi. Mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho wakati wa kupiga stata, kompyuta inafunga nozeli za petroli. Injini inavuta hewa tupu na kujikausha. Pumzika dakika moja ili stata isiungue, rudia. Mara ya tatu au ya nne utasikia inaanza kukohoa. Usiachie mafuta haraka, iache ishike yenyewe. Itatoka na moshi mzito mweupe wenye harufu ya petroli na majirani watatoka nje kuangalia. Usizime! Iache mpaka moshi uishe, kisha liendeshe angalau dakika ishirini.

Ikikataa, fundi atoe plagi zote nne, zinafikiwa kupitia upande wa tairi la mbele la kushoto. Atoe fyuzi ya pampu ya mafuta, apige stata ili petroli itoke kupitia matundu, adondoshe oili kidogo, kama kijiko cha chai, kwenye kila rota, azikaushe plagi au aweke mpya, arudishe. Kila rota ina plagi mbili, ya juu na ya chini, na si za aina moja. Aweke alama kabla ya kuzitoa. Nimeshaletewa gari lililobadilishiwa plagi hizo juu kwa chini na mwenyewe alikuwa anahangaika miezi.

Baada ya hapo, sheria moja ndani ya nyumba yako, kwa kila mwenye ufunguo: gari likiwaka, halizimwi mpaka limepata moto. Ukitaka kulitoa chini ya mwembe kwa ajili ya kuosha, lisukumeni. Watoto wa jirani watatu wanatosha.

Na sasa uendeshaji wenyewe, ambao ndio ulionifanya nikuandikie kwa urefu huu. Unasema hujawahi kuvuka 3,000 kwa sababu ya heshima kwa gari la baba. Nakuelewa kabisa. Lakini sikiliza jinsi injini hii inavyovuta hewa. Ina milango ya hewa inayofunguka kwa zamu. Mmoja uko wazi muda wote. Wa pili unafunguka mshale unapokaribia 3,750. Wa tatu, kwenye gari lenye gia sita kama lako, karibu na 6,250. Baba yako amekuachia nyumba ya vyumba vitatu na wewe tangu mwaka jana unaishi sebuleni. Milango ile miwili haijafunguka tangu mzee aache kuendesha, na mlango usiofunguka kwenye injini hushikwa na masizi mpaka ukang'ang'ania. Ndiyo maana kwenye kupanda linachoka. Nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni kwenye 5,500, na farasi wake 250 wako 8,500 huko juu. Chini ya 3,000 hakuna kitu, na hakukuwa na kitu hata siku lilipotoka kiwandani.

Lile fundisho la madereva wetu, kwamba kuitunza injini ni kupanda gia mapema na kuiacha ivute taratibu, ni sahihi kwa Hilux na kwa lori la tumbaku la Urambo. Kwa rota linageuka. Mwendo wa chini na safari fupi ndivyo vinavyojaza masizi kwenye mifereji ya sili, na sili iliyokwama kwenye mfereji wake haifiki ukutani. Huruma unayoifanyia ndiyo inayoiumiza. Kumbuka hesabu ya shafti na rota: kwenye 6,000 ya dashibodi, rota inazunguka mara 2,000.

Usikurupuke lakini. Injini iliyokaa mwaka mzima bila kupumua isipelekwe 9,000 kesho asubuhi. Wiki ya kwanza, likishapata moto kabisa, ifikishe 5,000 mara chache kwenye gia ya pili na ya tatu. Wiki ya pili 7,000. Ya tatu, ifikishe 8,500 mara moja kwa siku, kwenye barabara iliyo wazi, iache ipande hadi huko kisha ubadilishe gia. Utaona moshi mweusi nyuma mara za mwanzo. Yale ni masizi yanaondoka. Na "kupata moto" nina maana ya oili pia. Mshale wa joto la maji unafika katikati mapema, oili bado iko nyuma. Hesabu dakika kumi na tano tangu uwashe, na katika dakika hizo usivuke 4,000.

Kuna jambo litakushangaza mara ya kwanza. Injini ya pistoni ikizidishiwa inalalamika: inatetemeka, inapiga kelele, mguu wenyewe unaachia. Hii inapanda kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi, sauti inakuwa nyembamba tu na nyororo, na sikio halikwambii kwamba umefika mwisho. Ndiyo maana Mazda waliweka mlio. Ukisikia "piii" kwenye dashibodi, si hitilafu, unaambiwa badilisha gia sasa. Usiogope mlio huo, na usiupuuze.

Kwenye mji, tumia gia ya chini kuliko ulivyozoea. Unapotaka kulipita lori, usikanyage mafuta ukiwa gia ya sita ukasubiri. Shuka mpaka ya nne au ya tatu kwanza, mshale uwe juu ya 5,000, ndipo utoke. Kuondoka kutoka kusimama kunataka uongeze mafuta kidogo zaidi kabla ya kuachia klachi, karibu 2,000, la sivyo litazima na utaona aibu mbele ya bodaboda. Kuteremka nako kuna somo. Injini ya rota haikushikilii sana ukiachia mafuta. Tabora ni tambarare hutalihisi, ila ukifika kwetu, kutoka Mwanga kuteremka kuelekea stesheni na ziwani, usitegemee gia peke yake kama ulivyozoea kwenye gari la shule. Breki zake ni nzuri, zitumie mapema.

Kwenye joto nitakusimulia kilichonipata, kwa sababu kiliniuma na sitaki kikupate. Miaka iliyopita nilikuwa narudi Kigoma kutoka Uvinza na RX-8 ya mteja, mwezi wa kumi, jua la kabla ya mvua. Mshale wa joto ulikuwa umekaa katikati, umetulia kabisa. Mpira mmoja wa maji ulikuwa umeanza kuchuruzika na mimi sijui. Nikaendelea na mwendo wangu, kila nikiangalia mshale uko palepale katikati. Halafu ghafla, katika muda usiozidi dakika mbili, ukaruka mpaka juu, na boneti ikaanza kutoa mvuke. Nilizima hapohapo. Nilingoja saa mbili, nikajaza maji, likawaka vizuri, nikaja nalo mjini nikishukuru. Wiki tatu baadaye likaanza kupunguza maji bila kuvuja popote, kila asubuhi likiwaka na moshi mweupe wenye harufu tamu. Injini hii imejengwa kama mkate uliopangwa vipande, chuma na alumini vimebanwa pamoja kwa boliti ndefu, na kati ya vipande kuna mipira myembamba inayozuia maji yasiingie kwenye moto. Ile dakika mbili ilikuwa imeipika mipira hiyo. Injini nzima ikafunguliwa, na gharama nilibeba mimi, kwani gari lilikuwa mikononi mwangu.

Nilichojifunza ni kwamba mshale wa joto wa gari hili umetengenezwa ukae katikati kwa masafa makubwa ya joto, ukianza kupanda umeshachelewa. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoiambia simu yako namba halisi. Si ghali. Kati ya nyuzi 80 na 95 uko salama. Ikivuka 105 punguza mwendo, washa hita mpaka mwisho hata kama jua linawaka, maana hita inanyang'anya injini joto. Ikifika 110, simama na uzime, popote ulipo. Kabla ya kiangazi kuisha mwambie fundi afungue bampa ya mbele, aoshe rejeta na zile rejeta mbili ndogo za oili zilizo kwenye pembe za mbele, huku kushoto na kule kulia. Ziko chini, zinaziba kwa vumbi na wadudu, na watu wengi hawajui kama zipo.

Kuna koili nne za kuwashia plagi, na kwenye RX-8 ndizo dhaifu kuliko vyote. Kama hujui zilibadilishwa lini, badilisha zote nne pamoja na plagi kabla ya kutumia hela kwenye kitu kingine. Koili ikichoka, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, na kuungulia mle. Masega yanayeyuka, yanaziba, na joto linarudi kwenye injini. Eksozi ya rota hata ikiwa nzima ina moto mkali kuliko ya kawaida, kwa hiyo wakati wa kiangazi usiegeshe kwenye nyasi kavu. Huko kwenye miombo ya kwenu, nyasi za mwezi wa nane zinashika moto kwa kitu kidogo sana.

Petroli sina dawa yake. Kilomita saba au nane kwa lita, mjini pungufu ya hapo, na ukianza kuliendesha inavyotakiwa litakunywa zaidi kuliko sasa. Kama bajeti ya mwalimu haibebi, nenda shuleni kwa bodaboda siku za kazi na gari litoke Jumamosi na Jumapili kwa safari ya saa nzima. Kwa injini hii, safari mbili ndefu kwa wiki ni bora kuliko safari fupi kumi na mbili.

Kuhusu kuja Kigoma: ni zaidi ya kilomita mia nne kupitia Urambo, Kaliua, Malagarasi na Uvinza, na injini yenyewe ikiwa na afya itafurahia barabara kuliko unavyofikiri. Shida itakuwa tumbo la gari. Liko chini, kwa hiyo matuta uyapande kwa pembe, tairi moja kwanza, na maji yaliyofunika barabara usiyaingie hata kama Noah mbele yako imepita. Pima oili Kaliua, pima tena Uvinza.

Lakini kabla ya safari, na kabla ya kumlipa mtu yeyote hela ya injini, tunatakiwa tujue sili zikoje. Kipimo cha kawaida cha mgandamizo hakitoshi, kwa sababu rota moja ina vyumba vitatu na kipimo kinakuonyesha kile kikubwa tu. Kipimo maalumu kipo, na kikipatikana, kitabu cha Mazda kinasema afya ni kama kilopaskali 830 na mwisho wa kukubalika ni 680 stata ikizunguka mara 250 kwa dakika, tena vyumba vitatu vya rota moja visipishane zaidi ya 150. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba zitakuwa chini kidogo, usishtuke.

Kipimo hicho hamna, kwa hiyo tumia sikio. Likishawaka na kupata moto kabisa, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Likishika ndani ya sekunde mbili tatu, ni dalili nzuri. Likizungusha muda mrefu ndipo liwake, sili zimechoka. Kisha fundi atoe plagi moja ya chini ya rota ya mbele, atoe fyuzi ya pampu ya mafuta, wewe ukanyage mafuta mpaka chini na kupiga stata sekunde tano. Kwenye lile tundu utasikia pumzi: puf, puf, puf, puf, puf, puf. Zihesabu tatu tatu. Zikilingana nguvu, rota ni nzima. Ukisikia puf moja yenye nguvu, kisha pumzi mbili dhaifu au kimya, halafu puf moja tena, ncha moja imeumia. Rudisha plagi, fanya hivyohivyo kwa rota ya nyuma.

Rekodi sauti hizo mbili kwa simu, ukiiweka kama futi moja kutoka kwenye tundu, useme mwanzoni ni rota ipi. Nitumie. Nitazisikiliza usiku karakana ikishafungwa na kelele zimeisha, na asubuhi nitakupigia nikwambie nimesikia nini.